Komeo la Namba Kumi na Saba

Jumatatu asubuhi, komeo la bunduki namba kumi na saba lilikuwa na joto.

Si joto la kuunguza. Lilikuwa na uvuguvugu wa kitu kilichotoka kiganjani mwa mtu sasa hivi. Fundi alilishika, akaliachia, akalishika tena. Makomeo mengine ishirini na matatu yalikuwa ya baridi kama chuma kinavyotakiwa kuwa saa kumi na mbili asubuhi, yamelala kwenye kasha lao, na kasha lilikuwa limefungwa kwa kufuli mbili usiku kucha.

"Una homa wewe?" akaliuliza, akacheka peke yake.

Alicheka mapema mno, lakini angejuaje.

Fundi alikuwa sajini, mkuu wa karakana ya silaha, mwanamke wa miaka arobaini na mbili mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha. Kambi nzima walimwita Fundi. Akiwapa mgongo walimwita Mama Grisi, naye alijua, na wala hakuchukia. Kazi yake wiki ile ilikuwa bunduki za zamani, zile ambazo kila risasi moja ni kibarua: unainua mkono wa komeo, unavuta nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, unakandamiza chini, ndipo upige. Ukitaka kupiga tena, rudia yote. Jioni makomeo hutolewa na kufungiwa mbali, kwa sababu bunduki isiyo na komeo ni bomba tu. Kila komeo limechongwa namba ya bunduki yake, na haliwekwi kwenye bunduki nyingine. Hilo ndilo jambo la kwanza fundi wa silaha kufundishwa, na ndilo la mwisho kusahau.

Jeshi lilikuwa linaziaga. Zilikuja na meli ndani ya masanduku ya misonobari, zamani za wakubwa wa kigeni. Zikapita vita viwili. Bendera iliposhuka zikabaki, taji likakwanguliwa kwenye vitako na nembo mpya ikachongwa juu ya kovu. Halafu zikaja bunduki za kisasa, na hizi zikawa za kufundishia makuruta, za kulinda mageti, mwishowe za kupigia saluti kwenye mazishi ya wakubwa. Jumamosi askari ishirini na wanne wangepiga nazo mara ya mwisho, kwa risasi za mlio mtupu, kisha zingewekwa nyuma ya vioo kwenye chumba cha makumbusho. Fundi alipewa kuzikagua na kuandika kadi ya historia ya kila moja.

Namba kumi na saba alikabidhiwa mdogo wake.

Kidoti walimwita, kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo. Mama yao alipofariki, Kidoti alikuwa na miaka sita, na tangu siku hiyo Fundi ndiye aliyemlea na kumchapa, na ndiye aliyelia kwa siri siku binti alipoapa kiapo cha jeshi. Hakuwa na mtoto mwingine wala hakutaka. Ukimgusa Kidoti umemgusa yeye, tena pabaya.

Jumanne asubuhi alifungua kasha, akahesabu makomeo ishirini na matatu. Akahesabu tena kwa kidole. Akaenda kwenye safu ya bunduki, na pale, ndani ya namba kumi na saba, komeo lilikuwa limejipachika na kufunga, linang'aa mafuta, na harufu iliyotoka hapo haikuwa ya mafuta peke yake. Ilikuwa harufu ya baruti mbichi na jasho la watu wengi waliokaa pamoja bila kuoga.

Afisa wa zamu, mwenye ufunguo wa pili, aliapa kwa jina la mama yake kuwa hakufungua.

"Fundi, ufunguo nalala nao shingoni. Labda ulisahau kulitoa."

"Mimi nisahau komeo?"

Afisa akaangalia viatu vyake. Kambi nzima ilijua kuwa Mama Grisi anaweza kusahau kula, lakini komeo hasahau.

Mchana Kidoti alikuja karakana, akafunga mlango nyuma yake, akashusha shati begani. Bega la kulia lilikuwa limevilia damu, zambarau iliyopakana na njano, umbo kamili la kitako cha bunduki.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga, dada. Ni bunduki."

"Bunduki haijapigwa risasi hata moja!"

"Najua," Kidoti akanong'ona. "Punguza sauti. Inasikia."

Majini ya usiku watu wameyazoea. Mtu akisikia hatua darini saa nane za usiku, anajifunika shuka, anasoma dua zake, kunakucha. Hili lilikuja mchana kweupe, saa za kazi, chini ya mabati yanayopasha, na watu wanapita nje wakicheka na sahani zao za chakula.

Akaenda kwa Meja.

"Niitoe namba kumi na saba, afande. Haifai."

"Ina kasoro gani?"

Fundi aseme nini? Komeo linatembea?

"Basi," Meja akasema. "Waraka umesainiwa: bunduki ishirini na nne, askari ishirini na wanne. Niletee kasoro ya kuandikika, nitaitoa. Vinginevyo usinisumbue, Fundi, nina wageni wa kupanga."

Jumatano, saa saba mchana, Fundi alikuwa mezani akiandika kadi ya kumi na saba. Kikosi kilikuwa kimepumzika. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Ilitumika kwa ushujaa katika kulinda mipaka.* Akasikia mlango. Kidoti aliingia na bunduki mkononi, ingawa ilikuwa marufuku kuitoa safuni saa hiyo, akasimama nyuma ya kiti chake, akipumua kwa nguvu, na ile harufu ya jasho la watu wengi ikajaa chumba.

"Mwandishi," akasema. "Unaandika uongo."

Sauti ilikuwa ya Kidoti na haikuwa ya Kidoti. Ilitoka chini sana kifuani, kavu, na ilisema kila neno likiwa limetengwa na jingine kama mtu anayetoa amri uwanjani. Fundi hakugeuka. Kalamu ilikuwa imeganda juu ya kadi, na wino ukatona, ukatengeneza doa, doa likapanuka hadi likafunika neno *ushujaa*, na yeye hakuweza kuinua mkono.

"Mipaka gani? Mtu wa kwanza kunishika alikuwa mpagazi hadi jana yake. Walinikabidhi kwake, wakamwambia ampige mwenzake aliyetupa mzigo. Akampiga. Wa pili walimpeleka kwenye matope ya nchi za baridi kumpigania mfalme ambaye hakujua hata jina lake. Bendera iliposhuka nikasema sasa nitapumzika. Nikapelekwa kiwandani kwa watu waliogoma, na walikuwa hawana hata fimbo. Andika hayo."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayekaa kati ya shavu na chuma. Anayenipenda kwa kuua namwachia jicho. Anayesita, namrudia usoni. Watatu nimewala hivyo. Kisha mkaniacha miaka arobaini kwenye safu bila kunipiga hata mara moja, na njaa. Jumamosi nitakula. Huyu ni mtamu, anasita."

Ndipo Fundi akageuka. Uso wa mdogo wake ulikuwa umelowa machozi, macho ni ya Kidoti kabisa, yanamwangalia yeye, yanaomba. Mdomo tu ndio haukuwa wake.

Sasa mtu mwingine angekimbia. Fundi alisimama, akamtazama Kidoti katikati ya macho na kusema, "Kwanza, shika adabu. Umeingia karakana yangu bila hodi."

Kidoti akaanguka chini kama nguo iliyotoka kambani. Alipozinduka hakukumbuka chochote, ila kiu.

Jioni shangazi yao alipiga simu. Mtu akipatwa na jambo, shangazi huyo alikuwa analijua kabla hata hajamaliza kulia. Alikuwa na mganga pembeni, akampa simu.

"Jini hilo lina kiburi," mganga akasema. "Usishindane nalo. Liulize linataka nini, lipe, litaondoka kwa amani."

"Linataka kumlipukia mdogo wangu usoni Jumamosi. Nilipe?"

Mganga akapunguza bei. "Labda lingekubali kondoo."

"Likitaka kondoo likachunge. Asante, mzee wangu. Usiku mwema."

Alhamisi aliingia kazini akiwa na hasira, na hasira ilimsaidia kufikiri. Meja alitaka kasoro ya kuandikika. Haya. Akachukua kipimo, kile kipande kidogo cha chuma kinachoingizwa mahali pa risasi. Komeo zuri halikubali kufunga juu yake. Likifunga, maana yake kuna mwanya, komeo si la bunduki ile, na siku ya kupiga baruti itarudi nyuma usoni mwa mpigaji. Jumatatu alilipima kumi na saba, likakataa kufunga. Alipima tena sasa, likakataa. Akamwita Kidoti.

"Shika wewe. Sukuma."

Kidoti akasukuma, na komeo likafunga laini kabisa, bila hata kukwaruza.

Fundi akalitoa, akaliweka chini ya taa na kioo cha kukuzia, akalifuta kwa mafuta ya taa. Chini ya namba iliyochongwa kulikuwa na mikwaruzo ya tupa, na chini ya mikwaruzo, kama maandishi ya penseli yaliyofutwa vibaya, kulikuwa na namba nyingine. Na mikwaruzo ile aliijua. Alijifunzia kazi mezani pa mtu aliyepiga tupa kwa kuinamia kushoto, na katika jeshi zima alikuwa mmoja.

Mzee Tupa alikuwa amestaafu, anakaa chumba kimoja nyuma ya soko, anatengeneza redio ambazo hakuna anayezifuata. Sikio moja lilikufa kwa milio. Fundi aliweka komeo mbele yake, juu ya redio iliyofunuliwa. Mzee akaliona, akaweka bisibisi chini.

"Nilijua utakuja siku moja," akasema. "Nilitamani niwe nimeshakufa."

"Uliliokota wapi, baba?"

"Sikuliokota. Ilikuwa bunduki iliyorudia watu usoni, watatu, wote kwa zamu. Ikaja amri: ikatwe vipande vitatu. Mtutu, kitako, komeo. Afisa alikuwa na haraka, akaniachia, akaenda. Nikakata mtutu. Nikachoma kitako. Komeo..." Alilitazama kwa namna ambayo Fundi aliijua moyoni, kwa sababu na yeye angelitazama hivyohivyo. "Komeo lilikuwa zima, mwanangu. Zima kabisa! Chuma cha zamani, springi haijalegea. Vipuri hatukuwa navyo. Kumi na saba ilikuwa imevunjika komeo lake. Mtu mwenye akili anatupaje komeo zima?"

"Ukapiga tupa namba."

"Nikapiga tupa namba. Nikachonga mpya."

Fundi alitaka kumfokea, akashindwa. Na yeye alikuwa na debe la springi chini ya meza yake, nzima zote, ambazo kwa sheria alitakiwa kuwa ameziharibu zamani.

"Vipande vitatu," akasema. "Ulikata viwili."

"Nilikata viwili."

"Basi twende ukamalizie."

"Mimi? Sithubutu!"

"Basi njoo uniangalie mimi. Ila lazima uje, baba. Ni kazi yako hii."

Ijumaa saa saba mchana walikuwa watatu karakana, mlango umefungwa kwa ndani. Fundi alibana jiliwa, kibanio cha chuma, mezani, akatia blade mpya kwenye msumeno wa chuma. Alikuwa amepanga kulibana komeo, kulikata, kwisha. Lakini alipomgeukia Kidoti, mkono wa kulia wa Kidoti ulikuwa umelifumbata komeo, na hakuna aliyemwona akilichukua.

"Liachie."

"Siwezi, dada. Vidole havifunguki."

Walijaribu. Mzee alivuta kidole gumba, Fundi akavuta vile vingine, wakapaka grisi, wakamwaga mafuta. Mkono ulikuwa umefunga kama umechongwa pamoja na chuma. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mabati juu yao yalikuwa yanalialia kwa joto, ile harufu ikazidi, ikawa nzito hadi Mzee Tupa akaanza kukohoa, na katikati ya kukohoa kwake walisikia vitu vinajongea kwenye safu, bunduki zote ishirini na nne zisizo na makomeo zikigusanagusana mitutu taratibu, moja baada ya nyingine, kuanzia mwisho wa chumba kuja upande wao.

"Kata basi," ile sauti ikasema kwa mdomo wa Kidoti, kwa furaha. "Kata, fundi. Ninapita kwenye nyama yake. Ukinikata mimi unamkata yeye. Utalia uniombe."

Kati ya kidole cha shahada na kidole cha kati, chuma kilichokuwa wazi hakikuzidi upana wa kucha mbili. Fundi aliona. Aliubana upande mmoja wa komeo kwenye jiliwa, na mkono wa mdogo wake ukawa umelala juu ya meza kama kitu cha kukarabatiwa. Aliulea mkono huu. Aliukata kucha kila Jumapili miaka kumi.

"Kidoti. Unanisikia?"

Mdomo ulikuwa wa jini. Macho yalifumba, yakafumbua. Ndiyo.

"Naweza kukosea. Nikikosea, kidole kimekwenda. Niache? Nimwambie Meja nimeivunja bunduki, wanifunge, basi?"

Kidoti alijitahidi. Mishipa ya shingo ilimsimama, mate yalimtoka, na kwa shida ile ya mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa na watu kumi upande wa pili, aliirudisha sauti yake mwenyewe.

"Kata, dada. Lisiniite mtamu."

Fundi akakata.

Alikata kwa mikono miwili, Mzee Tupa akiwa amelala juu ya kiwiko cha Kidoti kwa uzito wake wote, na kila msumeno ulipokwenda mbele ule mdomo ulipiga kelele kwa sauti ya mtu mwingine, mwanamume, kisha mwanamume mwingine, kisha mtoto, wengine wanaomba maji, wengine wanataja majina ya mama zao, na Fundi alijua kuwa baadhi ya sauti zile zilikuwa za kweli na za watu wa kweli, akalia huku anakata, vumbi la chuma likimwingia mdomoni, blade ikachemka, ikavunjika, akatia nyingine bila kufuta machozi, akaendelea.

"Nihurumie," jini likasema, sasa kwa sauti ndogo. "Mimi ni askari. Nilitumwa."

"Na sisi sote tulitumwa," Fundi akasema, akihema. "Wewe ulipenda. Umezoea watu wakuogope, wakupe mbuzi, wakupe macho. Hapa ni karakana. Hapa chuma kinafanya ninavyotaka mimi."

Komeo likakatika.

Kipande kilichokuwa kwenye jiliwa kikapoa papo hapo, kikafuka ukungu kama chupa iliyotoka kwenye friji. Vidole vya Kidoti vikafunguka, kimoja kimoja. Vinne. Cha shahada kilibaki kimejikunja, kizima, bila hata mkwaruzo, kama kilivyojikunja kwenye kifyatulio.

Daktari wa kambi alikivuta, akakigonga, akasema ni mshipa. Meja aliletewa komeo vipande viwili na picha ya namba iliyofutwa, kasoro ya kuandikika, akageuka rangi. Akatoa ruhusa litumike komeo jingine, lililopimwa mara nne. Kisha akasema Kidoti asijipange mstarini, kidole chake ni kibovu.

"Kidole changu cha kati ni kizima, afande," Kidoti akasema.

"Sheria—"

"Waraka umesainiwa, afande. Ishirini na wanne."

Jumamosi jua lilikuwa kali. Wageni walikaa chini ya turubai. Kidoti alisimama mstarini na namba kumi na saba, kidole cha shahada kimefungwa kiganjani kwa bandeji nyeupe, mizunguko mitano, Fundi aliifunga mwenyewe. Kando kidogo, kwenye meza yenye kitambaa, zilikuwa kadi. Kadi ya kumi na saba ilikuwa na mpagazi, na matope, na kiwanda. Meja aliisoma, akaitazama sura ya Fundi, akairudisha mezani.

Amri ikatoka. Makomeo ishirini na manne yakaenda nyuma, yakaja mbele. Fundi alikuwa anamwangalia mdogo wake tu. Sekunde moja kabla ya amri ya kupiga, aliiona bandeji ikikazika, ikavutwa kwa ndani kwa nguvu mara moja, mara mbili, na uso wa Kidoti haukutikisika. Kisha ikaja amri. Mlio ukatoka mmoja, wa bunduki zote pamoja, ndege wote wakaruka juu ya uwanja, na wageni wakapiga makofi.

Baadaye, nyuma ya karakana, Fundi alimshika ule mkono. Alihisi ndani ya bandeji kitu kinavuta, kinaachia, kinavuta.

"Limo," akasema kwa sauti ya chini. "Lilihamia. Kidoti, tukikate kidole. Leo hii. Nitakuja na daktari."

"Tukikikata litakwenda wapi?"

Fundi akakishikilia kidole kile ndani ya bandeji.

"Litatafuta mwingine," Kidoti akasema. "Kuruta fulani, hajui kitu, anasita kama mimi. Hapana. Libaki hapa." Akainua mkono, akakitazama kidole kilichojikunja kama mtu anavyomtazama mtukutu aliyechelewa gwaride. "Lilivuta kabla ya amri, dada. Likavuta hewa. Nililisikia lilivyoshangaa."

"Litakuchosha. Maisha yako yote litavuta."

"Livute," Kidoti akasema, akaanza kukaza bandeji upya kwa meno na mkono wa kushoto. "Nina miaka ishirini na tatu. Tutaona nani atachoka."